Wageni Sitini wa Jumbe Kiboko

Haya, kaeni. Anayetafuna atafune kimya kimya, na aliyekalia upindo wa kanga yangu ajisogeze, maana hadithi hii ina mahali pa kuinuka na kuigiza, na mimi sitaki kuanguka mbele yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, ndoa zao na majirani zao wambea, palikuwa na miji miwili ya bandari. Mmoja uliitwa Ng'ondani. Ulikuwa mji mdogo wa wavuvi kando ya bahari, wakikaa humo korongo, mwari, fisimaji na ukoo mkubwa wa nguchiro. Wa pili uliitwa Domoni. Huo ulikuwa mahali pembamba mto unapoingia baharini, na chombo chochote kilichotaka kupanda mto ilikuwa lazima kipite mbele ya gati lake.

Huko juu mtoni walikaa nyani. Msicheke! Siku hizo nyani walilima mtama wao wenyewe, walikuwa hawajajifunza kuiba wa watu. Na nyani walipenda samaki kupita kiasi, ila awe mbichi au ametiwa chumvi kidogo tu. Samaki mkavu, walisema, anawaumiza fizi. Basi Ng'ondani walipeleka samaki, nyani wakatoa mtama, kila mtu akashiba. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Jumbe Kiboko, mkuu wa Domoni, alipotunga Sheria ya Mapumziko.

"Samaki wote wanaopita hapa ni wageni wetu," alitangaza. "Maskini, wametoka mbali, wamechoka. Watashushwa, watapumzika siku tatu, ndipo waendelee na safari. Sisi hatumzuii mtu. Sisi tunakaribisha! Boh-boh-boh!"

Hiyo boh-boh-boh ni kicheko chake. Akicheka, tumbo lilitangulia na kichwa kikafuata.

Mnajua samaki akipumzika juani siku tatu anakuwaje? Mimi najua, na nyinyi mkikataa kazi ya kuosha vyombo leo nitawaonyesha. Na sheria iliendelea: katika siku hizo tatu, hakuna wa kuwanunua ila mwenyeji wa Domoni. Basi siku ya kwanza hakuna aliyenunua. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu, watu wote wameziba pua, alikuja Fisi, tajiri wa mji, akivuta harufu kwa raha.

"Mmmh! Sasa wameiva!"

Akawachukua wote kwa ushanga mmoja wa buluu. Ushanga mmoja! Nusu ya faida akampelekea Jumbe.

Ng'ondani walilalamika, si kwamba walikaa tu. Walimtuma Mwari na barua ndani ya mfuko wa mdomo wake. Jumbe Kiboko akaisoma, akamrudisha Mwari na sahani ya halua na majibu matamu: "Ndugu zangu, hivi kweli mnalalamikia kukaribishwa?"

Wazee wa Ng'ondani wakaisukuma ile halua pembeni. Pwani ile yote, hasa Domoni, hakukuwa na tusi kubwa kuliko kuitwa mnyimi, na aliyekataa ukarimu wa mwenzake alihesabiwa hana adabu. Utamjibu nini mtu anayekudhulumu huku anakukaribisha?

Shehena ya kwanza ikaoza. Ya pili ikaoza. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mto ukifurika hakuna chombo kinachopanda tena mpaka miezi ipite. Ilibaki shehena moja. Wasipopata mtama safari hii, Ng'ondani nzima ingelazimika kuhamia Domoni kubeba mizigo ya Fisi. Familia saba zilikuwa zimekwisha kuhama. Miji hufa hivyo, wajukuu zangu, nyumba moja inafungwa leo, nyingine kesho kutwa.

Wakafanya kikao.

"Vita!" akasema Korongo. "Tukawadonoe macho!"

"Kiboko akizamisha kichwa majini, macho yake utayaona?" akauliza Fisimaji.

"Nitamdonoa kinachoonekana."

"Kinachoonekana ni mgongo, na mgongo huo utauvunja mdomo wako."

Ndipo akasimama Somoe Nguchiro. Huyu alikuwa mchuuzi wa samaki, mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii mahali pamoja. Alikuwa na mama mzee aliyelia kila asubuhi kwamba hataki kufa katika mji wa watu.

"Nipeni mimi shehena," alisema. "Nitakwenda nikakaribishwe."

"Yaani umeikubali sheria yao?"

"Nimeikubali yote. Nitaikubali hata kuliko walivyoitunga wenyewe."

Wakafikiri amechanganyikiwa, lakini hakuna aliyekuwa na shauri jingine. Na nataka mjue kwamba Somoe aliogopa. Alipokuwa akipanga samaki wale, aliwahesabu mara tatu. Wajanja nao huogopa, ila hawangoji hofu iishe ndipo waanze kazi.

Asubuhi mtepe wa Ng'ondani, ule mtumbwi mkubwa wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, ukagonga gati la Domoni. Tuu! Ndani yake walilala samaki kolekole sitini juu ya mwani mbichi, kila mmoja wa kubebwa na watu wawili. Usukani aliushika Mzee Kobe, rafiki wa babu yake Somoe.

Gatini alisimama Ngiri, mkuu wa forodha, meno yake yameng'arishwa kwa mafuta ya nazi.

"Ngrr! Simama! Shusha!"

"Nishushe bila hodi?" akauliza Somoe.

"Bila nini?"

Somoe akajaza kifua. "Hodi! Hodiii, wenye mji! Wageni wamefika!"

Wauza vitumbua wakageuka. Wapagazi wakatua mizigo. Na Ngiri, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, mdomo wake ukajibu wenyewe: "Karibuni!"

"Ahsante, kaka. Jamani, mmesikia tumekaribishwa?"

"Tumesikiaa!" watu wakaitikia.

Kwa kelele zile Jumbe Kiboko akatoka barazani kwake, pwata, pwata, pwata, kwani alipenda sana mahali penye watu.

"Nani analalamika leo?"

"Hakuna anayelalamika, Jumbe. Shikamoo."

"Marahaba, binti!"

"Nimekuletea wageni wako. Ila nina swali. Domoni ni mji mkubwa. Mwenyeji wao hasa ni nani?"

Fisi tajiri alikuwepo, akafungua mdomo. Lakini Jumbe hakuwa tayari aonekane mtu mwingine ni mkarimu kuliko yeye.

"Mwenyeji wao ni mimi! Jumbe mwenyewe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Jumbe akavimba kwa furaha, ingawa kwa kiboko si rahisi kuona tofauti.

"Mungu akubariki," akasema Somoe. "Sasa nionyeshe wanapolala."

"Wanapolala? Hapa hapa gatini. Kama siku zote."

Somoe akayatazama mawe ya gati. Akamtazama Jumbe. Akayatazama tena mawe.

"Hapa? Wageni wa Jumbe, juu ya mawe?"

Katika umati alikuwepo Bibi Bata, ambaye hakukosekana penye jambo. "Haa!" akasema. "Mimi hata mkwe wangu nisiyempenda nilimpa mkeka!"

Watu wakaanza kunong'onezana. Na katikati ya minong'ono, Jumbe Kiboko akalisikia lile neno, limeanzia nyuma, linakuja mbele: mnyi... mnyimi...

"Nani kasema gatini?" akanguruma. "Nilikuwa natania! Boh-boh! Hamjui utani? Ngiri! Wapeleke nyumbani kwangu wote, na taratibu, msiwatikise!"

Basi wapagazi wakabeba kolekole sitini kwenye machela, wakapita nao sokoni, na watu wakasimama pembeni kwa heshima. Wengine waliwapungia mikono.

Mlangoni kwa Jumbe alisimama mkewe, Bi Mashavu, mwiko mkononi.

"Baba Chepe, hiki ni nini?"

"Wageni, mke wangu."

"Hawa ni kolekole."

"Punguza sauti, watu wamejaa nje."

"Nipunguze sauti nisipunguze, hawa ni kolekole!"

Lakini Bi Mashavu naye alikuwa mwanamke wa Domoni. Alipoona nusu ya mji inachungulia, alitabasamu mpaka masikioni. "Karibuni, karibuni! Jisikieni mko nyumbani!"

Vyumba vya wageni vilikuwa sita, wakaingia kumi kumi. Pwaa, pwaa, pwaa, juu ya magodoro ya sufi.

"Huyu mkubwa alale upande wa ukutani," Somoe akaelekeza, "ana haya. Hawa wawili msiwatenganishe, ni pacha. Na yule apewe mto wa pili, anapenda kuinua kichwa."

"Mto wa pili!" Bi Mashavu akasema kwa meno.

"Na sasa, mama, maji ya kuoga. Mgeni hafiki akakaa na uchovu wake. Ila maji matamu yanawawasha. Kwao wamezoea ya chumvi."

Jumbe akaamuru chumvi itoke stoo. Watumishi wakawaogesha wale samaki sitini kwa maji ya chumvi, na Somoe akipita kitanda kwa kitanda.

"Msugue na tumboni. Na kwenye matamvua, ndani ndani. Safari ilikuwa na vumbi."

"Vumbi?" akauliza Ngiri, ambaye alikuwa ameanza kukunja uso. "Baharini?"

"Wewe umewahi kukaa chini ya bahari, kaka?"

"Hapana."

"Basi."

Kisha wakaletwa kanga wanne, wale ndege wa madoa, na mapepeo, wakapepea vyumba vyote sita ili nzi wasiwasumbue wageni. Mmeona? Samaki wametiwa chumvi, wako kivulini, wanapepewa. Watoto wangu wenyewe sikuwalea hivyo.

Adhuhuri Bi Mashavu akaandaa wali wa nazi, masinia sita yanayofuka moshi. Samaki wakautazama tu. Siku hizo wanyama wote waliongea isipokuwa samaki, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa wakinyamaza, lakini kutokula ni jambo jingine. Bi Mashavu akaanza kujipepea kwa upindo wa kanga.

"Chakula hakikufaa?"

"Wali ni mzuri mno, mama," akasema Somoe, huku anaula yeye. "Ila kwao chini ya bahari hakuna moto. Tangu wazaliwe hawajatia kinywani kitu kilichopikwa."

"Sasa wanakula nini?"

"Mtama. Mkavu, kama ulivyo ghalani. Bakuli moja moja kila mtu, lijae. Nusu bakuli wataona wanasimangwa."

Mabakuli sitini ya mtama yakapangwa kando ya vitanda.

"Hawali," akasema Jumbe.

"Wanakodolewa macho na mji mzima, watakulaje? Tuwapishe."

Wakatoka, mlango ukafungwa. Wakangoja barazani. Waliporudi, mabakuli yalikuwa vile vile, yamejaa.

"Wameonja," Somoe akasema. "Ni wastaarabu sana, hawapendi kuonekana walafi. Babu Kobe, lete makapu!"

Hapa niwaambie desturi ya pwani ile. Mgeni akiandaliwa chakula, kilichobaki hakirudi jikoni. Hufungwa vizuri, mgeni akaondoka nacho, na mwenyeji anayekirudisha jikoni ni kama amempokonya mgeni tonge mdomoni. Desturi hiyo Domoni waliishika kuliko watu wote. Basi Mzee Kobe akaja na makapu, na siku hiyo, nawaapia, Kobe hakuchelewa hata kidogo. Mtama ukamiminwa, shwaaa, kapu baada ya kapu, ukapelekwa kwenye mtepe.

Alasiri wageni wakaletewa cha kutafuna. Mabakuli sitini. Shwaaa!

Magharibi chakula cha jioni. Mabakuli sitini. Shwaaa!

"Wageni wako wana hali gani?" watu walimwuliza Jumbe alipokaa barazani.

"Wazima, wanashukuru," alijibu, na jasho likimtiririka. Aliona raha kusifiwa, na aliona uchungu wa mtama wake, na vyote viwili vilikuwa tumboni mwake kwa wakati mmoja.

Kabla watu hawajatawanyika akatokea Fisi, mikono nyuma.

"Nimekuja kuwatazama wale. Naona mmewaweka kwenye baridi. Hawataiva."

"Kuiva?" Somoe akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Waive ili iweje, bwana?"

"Niwachukue. Niwanunue. Wengine niwauze, wengine niwale."

Baraza zima likageuka kumtazama.

"Uwiii!" Somoe akashika kichwa. "Jamani! Jumbe wa Domoni anauza wageni wake waliwe!"

Bibi Bata akazimia. Kwanza alichagua mahali pazuri pa kuangukia, kisha akazimia.

"Toka!" Jumbe akamfukuza Fisi. "Mshenzi wewe! Unakuja kwa watu kuwala wageni wao?" Walipofika kwenye kona akamnong'oneza: "Rudi kesho, upitie nyuma."

"Nirudi kesho nipitie nyuma?" akauliza Fisi kwa sauti kubwa, maana hakuwa mwepesi wa mambo.

"Toka kabisa! Usirudi maisha!"

Kesho yake, jua limepanda, mabakuli ya asubuhi yamekwisha kumiminwa, Ngiri akaingia vyumbani peke yake. Hakuwa amelala vizuri. Akamtazama kolekole mmoja. Akamtekenya. Akamfinya. Akaweka sikio. Kisha akatoka mbio, kwato zikilia kwa-kwa-kwa-kwa sakafuni.

"Jumbe! Huyu binti anatuchezea! Hawapumui! Wamekufa! Wote sitini wamekufa!"

Hili Somoe hakulipanga. Alikuwa amepanga kukusanya mtama siku zote tatu, kisha aage kwa adabu na kuondoka. Sasa watu wamesimama, Jumbe anageuza kichwa chake kikubwa polepole kumtazama, na uso wake umeanza kuwa uso wa mtu anayeelewa. Somoe alimwona mama yake amebeba mzigo wa Fisi kichwani. Alimwona kabisa.

Akajitupa chini.

"Uuuwi! Uuuwi, mimi! Wageni wamefia nyumbani kwa Jumbe!"

Kabla hajamaliza kilio cha kwanza, habari ilikuwa imefika sokoni. Kabla hajamaliza cha pili, Bibi Bata alikuwa uani, kanga ameifunga kiunoni, tayari kwa kazi ya msiba.

"Walipoingia walikuwa wazima!" Somoe akalia. "Jumbe mwenyewe kasema jana wazima, wanashukuru!"

"Kweli kasema," wakasema watu. "Tumemsikia."

"Wamekula nini humu?" akauliza mmoja.

"Na yule Fisi alikuja kufanya nini?" akauliza mwingine.

"Ngojeni," akasema Jumbe. "Ngojeni kwanza."

"Hatungoji, baba, maiti hawawekwi," akasema Bibi Bata. "Mgeni akifia kwako, msiba ni wako. Sanda sitini. Makaburi sitini. Na matanga siku tatu, ulishe wafiwa."

"Wafiwa? Wafiwa gani?"

Somoe akainua uso, machozi yanamtiririka, na mengine yalikuwa ya kweli. "Ng'ondani wote, Jumbe. Hawa tumeishi nao jirani miaka yote. Watakuja leo leo, wazee kwa watoto. Na nyani."

"Nyani nao!"

"Nyani ndio watakaolia kuliko wote. Wao wanawapenda hawa kuliko sisi. Watashuka huko juu pamoja na shangazi zao."

Jumbe Kiboko akaketi chini, gubuu, na ukuta ukatikisika. Nyani wote pamoja na shangazi zao, ndani ya nyumba yake, siku tatu.

"Hawajafa," akasema kwa sauti nyembamba. "Wamelala."

"Ngiri kasema wamekufa," Somoe akajibu. "Ni mkuu wa forodha, atasemaje uongo?"

"Ngiri ni mjinga!"

"Mimi?" akasema Ngiri. "Mimi si ndiye niliyegundua..."

"Nyamaza!"

Mlango wa ghala ukafunguliwa, nyiii, akatoka Bi Mashavu. Mkononi alishika ufunguo. Usoni hakuwa na tabasamu lolote, na watu wote walisogea kumpisha.

"Baba Chepe," alisema. "Nimetoka kuchungulia ghala. Umebaki mtama wa kulisha kuku wawili, nao wasiwe wakubwa. Magodoro yangu yote yananuka shombo. Mito yangu ya sufi imekuwa chumvi tupu. Na sasa naambiwa kuna matanga. Mume wangu, sijakuomba jambo kubwa tangu unioe. Leo nakuomba sema neno moja la kweli. Waliolala vitandani mwangu ni nini?"

"Ni wa..."

"Ni nini?"

Jumbe akatazama chini. "Samaki."

"Toka nje ukawaambie watu."

Jumbe akatoka barazani. Mji mzima ulikuwa pale. Akashika nguzo ya baraza.

"Ni samaki!" akanguruma. "Si wageni! Si marehemu! Ni samaki tu!"

Somoe akajifuta machozi. "Samaki tu, Jumbe?"

"Tu!"

"Hawahitaji sanda?"

"Sanda ya nini? Ni samaki!"

"Wala mapumziko? Samaki huchoka?"

Jumbe akasita. Akaiona sheria yake inapita mbele yake inaondoka. Nyuma yake Bi Mashavu akagonga ufunguo mlangoni, ko!

"Hachoki," akasema Jumbe. "Samaki hachoki."

"Basi samaki akipita Domoni, mwenye samaki anaweza kwenda zake bila kushusha?"

Ko! ukalia ufunguo.

"Aende zake! Aende hata sasa! Nani anamtaka hapa?"

"Mji haujasikia vizuri, baba. Wa nyuma kule bado wanajiuliza kama waende kununua ubani."

"Ngiri! Piga pembe!"

Ngiri akapiga pembe ya mji, buuuu, kwa moyo mzito, na Sheria ya Mapumziko ikafutwa mbele ya watu wote, wakiwemo wauza vitumbua, ambao husimulia kila wanachokiona.

Kolekole wakapakiwa tena kwenye mtepe. Walikuwa wamekamaa vizuri, wamekolea chumvi kidogo, kama nyani wanavyowapenda. Kobe akashika usukani. Ndipo Jumbe Kiboko akaja mbio gatini, pwata-pwata-pwata.

"Wewe binti! Ngoja! Na mtama wangu?"

Makapu yalijaa mtepe mzima, hayafichiki. Somoe hakujaribu kuyaficha.

"Ah, Jumbe, umekumbuka vizuri. Babu Kobe, shusha makapu. Shusha moja moja, uyapange hapa gatini, watu waone. Jumbe amekuja kudai chakula alichomwandalia mtu jana."

Kobe akashika kapu la kwanza. Watu wakasogea karibu. Bibi Bata akanyoosha shingo, mdomo wazi, na lile neno likaanza tena huko nyuma, polepole: mnyi...

"Nani kadai?" akasema Jumbe haraka. "Kuna aliyedai hapa? Mimi nilikuja kuuliza kama utawatosha!"

"Kusema kweli, safari ni ndefu," akasema Somoe.

Jumbe akafumba macho. "Ngiri," akasema. "Waongezee ule wa kuku."

Siku ile ile mtepe ukapanda mto. Nyani walilamba vidole, wakatoa mtama wao juu ya ule mwingine, na Ng'ondani wakashiba mtama mpaka mvua zikaisha, hakuna mlango uliofungwa tena. Mama yake Somoe alilia asubuhi mbili zaidi, lakini alisema ni mazoea tu.

Na Domoni? Fisi aliwangoja samaki waive mpaka akakonda. Jumbe Kiboko anaingia majini kila asubuhi, anabakiza macho na pua. Chombo cha samaki kikipita mbele ya gati, hata mwenye chombo akiwasalimu, watu wote hugeukia ukutani wakafunga midomo, asije mmoja wao akateleza akasema karibu.

Nami nimewapa hadithi yote, sikubakiza, na hii ndiyo maana yake: ukitaka kumdhulumu mtu usijifanye unamkirimu, kwa sababu iko siku ataukubali ukarimu wako wote.